Simu Imelia, Nyumbani Hakuna Mtu

Ndugu msomaji, simu ikilia ndani ya nyumba isiyo na mtu, je, imelia? Usicheke kwanza. Hili si swali la walevi wa kijiweni. Kwa kampuni za simu jibu lilikuwa wazi tangu zamani: haikulia. Mita haihesabu mlio, inahesabu maongezi. Mkonga usipoinuliwa hakuna senti inayodaiwa, na kisichodaiwa hakiandikwi daftarini. Lakini kwa yule aliyepiga, akasubiri, akahesabu milio saba, minane, kisha akakata kwa moyo mzito, simu ililia sana. Na mwenye nyumba akirudi jioni anaikuta imenyamaza juu ya kitambaa chake cha kufuma, kana kwamba haikutokea kitu. Nani alipiga? Alikuwa na shida gani? Simu yenyewe haisemi.

Kisa ninachotaka kukusimulia ni cha watu waliokataa kulala na swali hilo. Kimechukua zaidi ya miaka mia moja, kuanzia waya wa chuma kule Denmark hadi leo ambapo mtu anaweza kukaa nchi nyingine kabisa, akafungua intaneti, akasoma orodha ya simu zote zilizolia nyumbani kwake mchana kutwa. Mambo mawili yatatufuata njia nzima: pesa na siri. Yashike vizuri.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu Marekani mwaka 1876. Miaka 22 tu baadaye, mwaka 1898, kijana wa miaka 29 aitwaye Valdemar Poulsen, fundi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, akaja na wazo la ajabu. Alikwishaona kero yenyewe kazini: mtu anapiga, hapokelewi, ujumbe unapotea hewani. Akachukua waya wa chuma, akauzungusha kwenye pipa dogo, akapitisha juu yake sumaku ya umeme iliyounganishwa na simu. Sauti ikaingia kwenye waya na kubaki humo! Chombo chake akakiita telegrafoni. Mwaka 1900 alikipeleka kwenye Maonyesho ya Paris, na huko Mfalme Franz Joseph wa Austria akasema maneno machache mbele yake. Maneno hayo yapo hadi leo, na ndiyo sauti ya kale kuliko zote zilizohifadhiwa kwa sumaku. Mfalme hakuacha ujumbe wa maana. Aliushukuru tu uvumbuzi kwa adabu zake za kifalme. Ama kweli wakubwa hata wakipewa nafasi ya kusikika milele hutoa shukrani na kwenda zao.

Telegrafoni haikuuzika. Sauti yake ilikuwa hafifu kama ya mgonjwa wa mafua, kwani vali za kukuza sauti zilikuwa bado hazijavumbuliwa. Hilo tunaweza kulisamehe. Ambalo halisameheki ni lililofuata.

Miaka ya 1930, katika maabara ya Bell huko Marekani, mhandisi Clarence Hickman aliunda mashine iliyopokea simu yenyewe na kunasa sauti ya aliyepiga kwenye utepe wa sumaku. Ilifanya kazi. Basi ungetegemea mabosi wake washangilie, sivyo? La hasha! Kampuni mama, AT&T, ndiyo iliyotawala karibu simu zote za nchi ile, na wakubwa wake wakaifungia mashine kabatini. Mwanahistoria Mark Clark alipokuja kuchimbua makabrasha, miaka mingi baadaye, alikuta sababu yao: walihofia kwamba watu wakijua maongezi yanaweza kunaswa, wataiogopa simu. Mfanyabiashara ataogopa neno lake lisije likaletwa mahakamani. Mwenye siri zake za chumbani ataogopa zaidi. Watarudi kwenye barua, na mita zitasimama. Yaani kampuni ilikuwa na dawa mkononi na ikaificha, kwa kuwa mgonjwa akipona atapunguza kununua dawa nyingine.

Mahitaji hayakufichika lakini. Madaktari, mafundi wa bomba, waigizaji waliokuwa wakingoja kuitwa kazini, wote hawa simu moja iliyopotea ilikuwa mkate uliopotea. Wakazuka watu wa kati: ofisi zenye akina dada waliokaa mbele ya swichibodi, wanapokea simu za wateja wasiokuwepo, wanaandika ujumbe kwenye karatasi, mteja akipiga jioni anasomewa. Kazi hiyo ilijulikana mno hata ikatungiwa tamthilia ya muziki, Bells Are Ringing, iliyoonyeshwa New York kuanzia mwaka 1956, juu ya dada wa swichibodi anayejiingiza katika maisha ya wateja wake. Mimi ninayejifunza kuandika riwaya nawaonea wivu watunzi wa enzi hizo. Dada mmoja kwenye kiti anajua nani anadaiwa, nani anapendwa, nani anamkimbia nani. Hapo riwaya imekwisha kujiandika.

Mwaka 1949, huko Wisconsin, mhandisi Joseph Zimmerman alitoa mashine aliyoiita sekretari wa elektroniki. Santuri ilitoa salamu, kinasa sauti cha waya kilipokea ujumbe. Vikaja na vingine. Tatizo lilibaki lile lile: AT&T ilikataza kuunganisha chombo kisicho chake kwenye laini zake, mithili ya mwenye nyumba anayekukataza kupigilia hata msumari. Mtu aliyevunja mwiko huo alikuwa Thomas Carter wa Texas, ambaye kifaa chake, Carterfone, kiliunganisha simu na redio za upepo za watu wa porini. Wala hakuwa na habari na mashine za kupokea simu. Alishitaki, na mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya serikali ikaamua kwamba mteja ana haki ya kuunganisha chombo chake mradi hakiharibu mtandao. Mlango ulioanza kufunguka kwa Carter wakapita wenye mashine. Kufikia mwaka 1974 mchezo wa televisheni uitwao The Rockford Files ulikuwa ukifungua kila kipindi kwa mashine ya mpelelezi ikipokea simu, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa ile ni nini.

Sasa tumefika panaponoga. Mashine ilikwishanasa ujumbe, lakini ujumbe ulikuwa nyumbani na mwenyewe yuko safarini. Atausikiaje? Watengenezaji wakampa kidude kidogo cha kutia mfukoni. Unapiga simu nyumbani kwako mwenyewe, mashine inapokea, unakiweka kidude kwenye mkonga, kinatoa mlio wa namna yake, na mashine ikiutambua inarudisha kanda nyuma na kukusomea. Baadaye kidude kikatupwa, kwa kuwa simu za vitufe, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, zilitoa milio yenyewe. Ikawa unabonyeza namba ya siri tu.

Lakini subiri. Ukipiga kutoka mji wa mbali, mashine ikipokea, umelipa. Na kama hakuna ujumbe wowote? Umelipa bure. Hapa ndipo fundi fulani, na natamani ningemnunulia soda, alipopata akili ya kipekee. Mashine ikiwa na ujumbe mpya, ipokee baada ya milio miwili. Ikiwa haina, ingoje mpaka minne. Basi msafiri amesimama kwenye simu ya barabarani na sarafu zake, anasikiliza: moja, mbili... tatu! Ule wa tatu ndio habari yenyewe. Hakuna ujumbe. Anakata haraka kabla ya wa nne, sarafu inarudi chini kwenye kisahani, kampuni haijapata kitu. Ameuliza nyumba yake swali, nyumba imemjibu, na hakuna aliyelipwa.

Unaona lilipofikia? Mlio mtupu, ule ambao kampuni ilidai kwamba si kitu, umegeuzwa lugha. Na si kwa mashine tu. Wamarekani walikuwa na mtindo wa zamani wa kumpitia opereta na kuomba kuongea na mtu fulani kwa jina. Mtu huyo asipokuwepo hulipi. Kijana akifika salama alikokwenda, anapiga nyumbani na kumwulizia mtu ambaye wote wanajua hayupo. Baba anajibu kwa sauti ya masikitiko, "Hayupo," anaweka mkonga chini, kisha anamgeukia mama akicheka: mtoto kafika. Waitaliano wana neno lao, squillo, mlio mmoja wa kuarifu kisha unakata. Sisi tunalo la kwetu, nitalifikia.

Mlio ukajifunza kuandika mwaka 1987. Mwaka huo, katika jimbo la New Jersey, kampuni ya simu ilianza kuuza huduma ya kuonyesha namba ya anayepiga. Jinsi inavyofanya kazi ni hivi: kati ya mlio wa kwanza na wa pili kuna kimya kifupi. Ndani ya kimya hicho mtambo unatuma namba kwa milio ya haraka isiyosikika na mwenye nyumba, na kisanduku kilicho kando ya simu kinaiandika kwenye kioo. Usipopokea, namba inabaki pamoja na saa yake. Hakuna kanda, hakuna salamu, na aliyepiga hakusema neno.

Hapo siri ikadai haki yake. Wenye huduma walisema itawakomesha wahuni wapigao simu za matusi usiku, na kweli iliwatisha. Lakini fikiria mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, amejificha kwa ndugu, anapiga nyumbani kuongea na wanawe. Namba ya pale alipojificha inatokea kwenye kioo mbele ya macho ya yule yule anayemkimbia. Kwa hoja za namna hii mahakama moja ya Pennsylvania iliipiga marufuku huduma hiyo mwaka 1990, na Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ikaunga mkono mwaka 1992. Ubishi huo ndio uliosaidia kuleta njia ya kuficha namba, ambayo leo watu wanaiona ni ya wadai na matapeli. Haikuwa ya matapeli peke yao. Ilikuwa ya huyo mama pia.

Uingereza walikuja na njia nyepesi: tangu Novemba 1994 mtu alirudi nyumbani, akapiga 1471, na sauti ya kike ikamtajia namba ya mwisho iliyopiga na saa yake. Ni hiyo moja tu, ya mwisho. Kama mchumba alipiga saa nne na muuza madirisha akapiga saa kumi, basi utamjua muuza madirisha.

Na kwetu? Kwetu Tanzania mambo haya yalipita mbali kama ndege ya abiria. Katikati ya miaka ya 1990, wakati shirika la Posta na Simu limekwisha kugawanywa na TTCL imezaliwa, nchi ilikuwa na laini chini ya moja kwa kila watu mia. Mashine ya kupokea simu ilikuwa na kazi gani mahali ambapo nyumba yenye simu haikosi mtu? Shangazi yupo, watoto wapo, mpangaji wa chumba cha uani yupo. Simu moja ilihudumia mtaa mzima. Ukipiga kumtaka jirani, mtoto anatumwa mbio, nawe unakata upesi kuokoa pesa, unapiga tena baada ya dakika kumi. Mtoto ndiye aliyekuwa mashine yetu.

Ila mashine hiyo ilikuwa na vituko vyake. Mama anasimulia kwamba utotoni kwake simu ya mtaa ilikuwa kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Siku hiyo mjomba alikuwa amelazwa mji wa pili. Simu ikaja, mtoto akatumwa kwa bibi na maneno haya: "Wamesema mjomba amepumzika, watapiga kesho." Amepumzika! Msomaji unajua neno hilo linavyobeba. Kilio kikaangushwa. Wanawake wakajifunga kanga viunoni, mchele na mkeka vikafungwa, wakapanda basi la alfajiri. Walipofika walimkuta marehemu amekaa kitandani anakunywa uji, akawauliza mbona wote na macho mekundu. Usiku ule alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, ndiyo habari nzima iliyokuwa imetumwa.

Kisanduku cha namba kingesaidia nini hapo? Kingeandika namba ya ofisi ya hospitali na saa, basi. Namba haisemi amelala au amekufa. Lakini pia isingezua kilio. Mimi sijaamua ninachopendelea kati ya mtoto na kisanduku, na nadhani yeyote aliyepokea habari kwa njia zote mbili atasita vivyo hivyo.

Lugha yetu ya mlio ilikuja na simu za mkononi, si za mezani, na sababu sasa unaijua: ya mkononi ilizaliwa ikionyesha namba. Kwa hiyo ndipo tukajua kubipu. Unapiga, unaacha ilie mara moja, unakata. Namba imebaki kwake, salio limebaki kwako. Mtafiti Jonathan Donner alikaa Rwanda akiwauliza watu juu ya jambo hili, na mwaka 2007 akachapisha makala kuhusu kanuni zake, kwa maana bipu ina kanuni zinazoheshimiwa kuliko sheria nyingi. Mwenye nacho ndiye anayerudisha simu. Humbipu unayemwomba kazi. Na kijana akimbipu binti anayemtongoza, hiyo posa imekwisha kufa. Msafiri wa Marekani aliyehesabu milio mitatu na mwanafunzi aliyembipu kaka yake wa mjini hawakuwahi kusikiana, ila walikuwa wamechimba tundu kwenye ukuta ule ule.

Turudi kwenye simu ya mezani, maana intaneti ilikuwa inaisogelea. Miaka ya 1990 modemu, kile kisanduku kilichounganisha kompyuta na simu, nazo zilijifunza kusoma namba iliyotumwa kati ya milio. Wajanja wakaziacha kompyuta zao zikiwaka nyumbani mchana kutwa, programu ndogo ikiandika kila namba na saa yake, wengine wakaifanya iwatumie barua pepe ofisini. Ukitaka kuona jambo hili lilivyokomaa, tazama Ujerumani. Kampuni ya AVM ya Berlin ilitoa mwaka 2004 kisanduku kiitwacho FRITZ!Box, ambacho kwa pamoja kinaleta intaneti na kuendesha simu za nyumba. Kila simu inayolia inaandikwa humo: tarehe, saa, namba, imepokelewa au haikupokelewa. Mwenyewe akiruhusu, anaweza kukifungua kisanduku chake kwa njia ya intaneti popote alipo, akaweka neno la siri, akasoma orodha kama anayechungulia sebuleni kwake kupitia dirishani. Marekani mwaka 2009 Google nao wakaleta Google Voice, ambapo simu zilizokukosa zimo kwenye ukurasa wako, na ujumbe wa sauti umegeuzwa maandishi. Hesabu ya milio haina kazi tena. Fundi wangu wa milio miwili na minne amestaafu.

Je, ndiyo mwisho wa kisa? Hapana, kwa sababu nyumba inayomjibu mwenyewe akiwa mbali itamjibu pia mwizi anayejua kubisha hodi vizuri. Mwezi Januari 2007 mahakama ya London ilimfunga mwandishi wa gazeti la News of the World pamoja na mpelelezi aliyelifanyia kazi gazeti hilo. Kosa lao lilikuwa kusikiliza ujumbe wa sauti walioachiwa watumishi wa nyumba ya kifalme. Ujuzi uliotakiwa haukuwa mkubwa. Ujumbe wa simu za mkononi ulifunguliwa kwa kupiga kutoka simu nyingine na kuweka namba ya siri, na watu wengi hawakuwahi kubadili ile ya kiwandani. Ilipobainika kwamba waliosikilizwa walikuwa wengi mno, hata binti wa shule aliyeuawa mwaka 2002, hasira za nchi zikalifunga gazeti Julai 2011, likiwa na miaka 168. Nchini Ujerumani, Februari 2014, iligundulika kwamba wahalifu walikuwa wakipenya kwenye FRITZ!Box kwa intaneti na kupiga simu za ghali nchi za mbali kwa gharama ya wenye nyumba. AVM ikawataka wateja wazime mlango wa kuingilia kutoka nje hadi wapate programu iliyorekebishwa, na ikaitoa haraka. Kwa siku hizo mtu aliyekuwa safarini alikuwa sawa na mtu wa mwaka 1897: simu inalia nyumbani, naye hajui.

Siku hizi waya zenyewe za shaba zinang'olewa. Uingereza walitangaza mwaka 2024 kwamba mtandao wa zamani wa simu utazimwa kufikia Januari 2027, na simu ya nyumbani itapita kwenye intaneti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huku kwetu vijana wanajiunga na vifurushi, dakika zinaisha muda wake kabla hazijatumika, na bipu imebaki kwa watu wazima. Mama yangu ana kifurushi cha wiki, dakika tele, lakini bado anabipu. Mara moja maana yake nimpigie. Mara mbili, LUKU imekata, ninunue umeme kabla giza halijaingia.